SADAKA NA NJIA ZAKE: KUTOKA MKONONI HADI KWENYE SIMU

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kabla ya kuombwa na Mwenye kulipa bila ya kupunguza. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua na kwa tusizozijua. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika mali zetu kama tunavyomcha katika sala zetu, kwani kila mja ataulizwa juu ya mali yake masuala mawili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini.

Ndugu Waislamu, leo mtu huweza kuketi barazani kwake Unguja, au dukani kwake Mombasa, au kazini kwake Maskati, akabonyeza tarakimu chache katika simu yake, na kabla kahawa haijapoa kikombeni fedha zikawa zimekwisha ingia katika simu ya mjane aliyeko kijijini. Jambo ambalo wazee wetu walilifanya kwa safari ya siku nyingi, sisi twalifanya kwa dakika moja. Hii ni neema, na mwenye kuikanusha neema hana shukrani. Lakini ibada ina sharti zake, na sharti hizo haziondoki kwa sababu njia imekuwa nyepesi. Kwa hivyo tutazame, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu, jinsi njia za kutoa zilivyobadilika tangu zama za Mtume (S.A.W.) hata zama zetu, ili tujue ni kitu gani kilichobadilika na ni kitu gani kisichopasa kubadilika.

Zaka ilifaradhishwa, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, katika mwaka wa 2 wa Hijra, yapata mwaka 624. Mali ya watu katika zama hizo ilikuwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, tende na nafaka, dhahabu na fedha. Mkusanyaji hakukaa mjini akangoja kuletewa. Alitoka yeye mwenyewe akawafuata wenye mifugo kwenye maji walikonyweshea, akahesabu mbele ya macho yao, akachukua kilichopasa, kisha akawapa wanaostahiki. Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwelekeza ya kwamba zaka itwaliwe kwa matajiri wa watu wale na irejeshwe kwa mafakiri wao. Tizameni neno hilo la kurejeshwa. Tajiri na fakiri walikuwa watu wa mji mmoja, wakinywa kisima kimoja. Tajiri alijua ni nani aliyelala na njaa, na fakiri alijua haki yake iko kwa nani.

Lakini hata katika zama hizo bora, njia ilihitaji ulinzi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema ya kuwa fungu hili ni lenu na fungu hili ni zawadi nilizopewa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake ili aone kama zawadi hizo zingemfikia. Hapo ndipo ulipowekwa msingi mkubwa wa kila mchango mpaka Siku ya Kiama: anayepitisha mali ya mafakiri hana fungu la siri ndani yake, na hesabu yake hufanywa hadharani. Mwenyezi Mungu, katika Aya ya 60 ya Surat At-Tawba, amemtaja mkusanyaji miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka; basi ujira wake unajulikana na hana ruhusa ya kujiongezea.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) likatokea jambo jingine lenye mafunzo. Muadh, akiwa Yemen, alimpelekea Umar Madina theluthi ya zaka za huko. Umar akalikataa jambo hilo, akamkumbusha ya kuwa hakumtuma kukusanya kodi, alimtuma atwae kwa matajiri awape mafakiri wao. Muadh akamjibu ya kwamba hakumpelekea kitu hali ya kuwa kuna wa kukipokea. Mwaka wa pili alipeleka nusu, na mwaka wa tatu akaipeleka yote, na kila mara wakajibizana vivyo hivyo, kwa kuwa Yemen hakupatikana tena wa kuchukua. Ndugu zangu, kisa hiki kimo katika Kitabu al-Amwal cha Abu Ubayd, nacho chatufundisha ya kwamba zaka haikuhamishwa kwa sababu njia ya kuhamisha ipo. Ilihamishwa baada ya jirani kushiba.

Kisha ukaja ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), na mali za Waislamu zikawa nyingi na za namna nyingi. Wanavyuoni wameigawa mali sehemu mbili: mali ya dhahiri, kama mifugo na mazao, na mali ya batini, kama dhahabu, fedha na bidhaa za biashara. Mali ya dhahiri iliendelea kukusanywa na dola. Ama mali ya batini, Uthman aliwaachia wenyewe waihesabu na waitoe, kwa kuwa mkusanyaji hangeweza kuijua ila kwa kuchungulia majumbani mwa watu na kufungua makasha yao. Hivyo ikawa zaka ya mfanya biashara ni siri kati yake na Mola wake. Likumbukeni jambo hili, kwani tutalirejea.

Fedha nazo zikabadilika. Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipiga dinari ya Kiislamu katika mwaka wa 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, yenye uzito wa kama gramu 4.25. Kutokana na uzito huo wanavyuoni wa leo hukisia nisabu ya dinari 20 kuwa gramu 85 za dhahabu, na nisabu ya dirhamu 200 kuwa gramu 595 za fedha. Na hata kabla ya sarafu hiyo, Waislamu walijua kuifanya fedha isafiri bila ya kubebwa. Imepokewa ya kwamba Abdullah bin Zubayr alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraki, nao wakilipwa huko. Barua za namna hiyo ziliitwa suftaja, na uhamishaji wa deni ukaitwa hawala. Neno hili halikututoka katika mwambao wetu. Posta ilipokuja na fomu yake ya kutumia fedha, wazee wetu hawakutafuta jina jipya. Waliiita hawala ya posta. Wengi wa wanafunzi wa vyuo vya dini walisomeshwa kwa hawala hizo, zilizotumwa na wajomba na ami zao waliokuwa wakifanya kazi miji ya mbali.

Ndugu Waislamu, mabadiliko makubwa zaidi yaliingia pale habari zilipoanza kwenda mbio kuliko msafiri. Waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukaunganisha kisiwa hicho na Aden na kusini mwa Afrika. Wazee wetu waliuita waya ule simu, jina ambalo leo tumekipa chombo cha mfukoni. Na katika zama za waya na gazeti ndipo ulipofanyika mchango mmoja mkubwa ambao mfano wake ulimwengu wa Kiislamu haukuwa umeuona: mchango wa reli ya Hijazi.

Mwaka 1900 Sultani Abdul Hamid wa Pili alitangaza azma ya kujenga reli kutoka Damascus hadi Madina, ili mahujaji waokoke na safari ya misafara ya ngamia iliyochukua wiki nyingi jangwani. Yeye mwenyewe alianza kwa kutoa lira 50,000. Habari ikaenea kwa simu za waya na kwa magazeti ya Misri na India, na Waislamu wa nchi za mbali, ambao hawakuwa na uhusiano wa utawala na Istanbul, wakachanga. Mwaka 1908 reli ikafika Madina, mwendo wa kilomita 1,300 hivi. Kwa mara ya kwanza, fundi cherehani wa mji wa India aliweza kusoma gazetini juu ya daraja linalojengwa Sham na kuwa na fungu katika daraja hilo.

Lakini historia ni kioo cha pande mbili. Mchango ule wa hiari ulitosha sehemu tu ya gharama, yapata theluthi. Sehemu nyingine ilipatikana kwa makato ya lazima katika mishahara ya watumishi wa dola na kwa ushuru. Na waliotoa wakatunukiwa nishani za daraja tatu, za nikeli, za fedha na za dhahabu, kwa kadiri ya walivyotoa. Hatuhukumu nia za watu waliokwisha tangulia mbele ya Mola wao. Twasema tu kwamba tangu hapo chombo cha habari kiliingiza katika sadaka mambo mawili mapya: mtoaji asiyemwona mpokeaji, na sifa inayomfikia mtoaji haraka kuliko thawabu. Kisha vita vikuu vya 1914 hadi 1918 vikaiharibu sehemu kubwa ya reli ile kusini, na mahujaji wakairudia njia ya bahari.

Katika pwani yetu chombo cha chapa nacho kilifanya kazi yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu juu ya elimu, umoja na kuacha israfu. Wito ambao zamani uliishia kwenye kuta za msikiti sasa uliwafikia watu wa miji na visiwa vingine. Na baada ya chapa ikaja redio, ambayo ndiyo inayowafikishieni maneno haya.

Ama ufundi wa barafu, huo nao umeokoa ibada moja isiende bure. Mahujaji walipozidi kuwa wengi, nyama za wanyama wanaochinjwa Mina zilikuwa zikioza kwa joto na kufukiwa, na huku mamilioni ya Waislamu hawaoni nyama mwaka mzima. Mwaka 1983, sawa na 1403 Hijria, Saudi Arabia ilianzisha mradi wa kunufaika na nyama hizo, ukisimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Haji hununua hati, mnyama huchinjwa kwa niaba yake, mafakiri wa Haram hupewa kwanza, na inayobaki hugandishwa ikapelekwa nchi nyingi za Asia na Afrika. Angalieni, ndugu zangu: mafakiri wa Haram hupewa kwanza. Ufundi mpya umefuata adabu kongwe, na kwa hivyo umeleta baraka.

Lakini si kila chombo kipya kilipokewa kwa wepesi. Mwezi wa Juni 1980 serikali ya Pakistan ilitoa sheria ya zaka na ushuri. Benki ziliamriwa kukata asilimia mbili na nusu katika akaunti za akiba ifikapo siku ya kwanza ya Ramadhani. Kwa maneno mengine, mali ya batini ambayo Sayyidna Uthman aliwaachia wenyewe, vitabu vya benki viliifanya kuwa ya dhahiri. Kilichotokea ni mafunzo. Waislamu wa madhehebu ya Shia walipinga, kwa kuwa hukumu zao za zaka ni nyingine, wakakusanyika Islamabad mwezi wa Julai mwaka huo huo hata wakasamehewa. Na wengine wengi wakazoea kuzitoa fedha zao benki siku chache kabla ya Ramadhani na kuzirudisha baada yake. Mashine iliweza kuhesabu mali, haikuweza kutia nia moyoni. Zaka bila ya nia ni kodi, na kodi watu huikimbia.

Sasa tumefika kwenye simu ya mkononi. Mwaka 2005 Kenya ilianza kufanyiwa majaribio huduma ya kulipia mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa katika majaribio hayo wakaitumia kwa haja yao wenyewe, ya kupelekeana fedha wao kwa wao, na Machi 2007 huduma hiyo ikafunguliwa kwa watu wote kwa jina la M-Pesa. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na baadaye makampuni mengine yakafuata kwa majina yao. Asiyekuwa na akaunti ya benki, mvuvi, mama wa sokoni, kibarua wa shamba, akawa na mahali pa kuweka na njia ya kutuma.

Na nguvu ya njia hii ilionekana mwezi wa Julai 2011, ukame ulipowafikisha watu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya katika njaa kali. Makampuni, vyombo vya habari na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki nne. Lengo likapitwa, likaongezwa. Watu wa dini zote na wa vipato vyote walichanga, na mwenye shilingi chache hakuona haya, kwa kuwa simu haikumtazama usoni. Huo ni upande mwema wa chombo hiki, na haifai kuuficha. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujikinge na Moto japo kwa kipande cha tende, na simu imekipa kipande hicho cha tende njia ya kufika.

Tena mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga misikiti nchini Kenya na penginepo, sanduku la sadaka la mlangoni lilikaa tupu, na misikiti mingi ikaandika namba za simu ili waumini watume kutoka majumbani. Misikiti ikafunguliwa, lakini namba zile hazikufutwa. Zimebaki ukutani kando ya sanduku.

Basi, enyi Waislamu, swali letu la leo haliko katika kutumia simu au kutoitumia. Hilo limekwisha amuliwa na maisha. Swali ni kwamba, pale wepesi ulipoingia, ni haki gani za fakiri zilizotoka bila ya sisi kutambua? Nitataja mambo manne.

La kwanza, kutuma si kufikisha. Tunamwita mwenye kibanda cha kuweka na kutoa fedha wakala, na ujumbe wa simu hutuambia ya kuwa muamala umekamilika. Maneno yote mawili yametoka katika vitabu vya fikihi, na yana hukumu zake. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi wametofautisha baina ya mkusanyaji aliyewekwa na imamu na wakala aliyewekwa na mwenye mali. Wa kwanza ni naibu wa mafakiri. Ukimkabidhi zaka umekwisha toka dhimani. Wa pili ni naibu wako wewe. Mkono wake ni mkono wako. Mali ikipotea kwake kabla ya kufika, zaka ingali shingoni mwako. Sasa yule mweka hazina wa kundi la WhatsApp, unayemtumia zaka yako awagawie maskini, ni yupi katika wawili hao? Hakuwekwa na imamu, umemweka wewe na wenzako. Basi muamala wa simu umekamilika, lakini muamala wako na Mola wako haujakamilika mpaka fakiri apokee. Una wajibu wa kuuliza: imefika? Imemfikia nani? Lini?

Wala msidhani hofu hii ni ya vitabuni tu. Mwaka 2023 ilibainika kwamba katika Kivu ya Kusini, nchini Kongo, shirika moja la misaada lililokuwa likiwapelekea maskini fedha kwa njia ya simu liliibiwa takriban dola 900,000. Baadhi ya wafanyakazi wake, waliopewa kazi ya kuwasajilia watu laini za simu, walishirikiana kuzizuia laini hizo, na fedha za wenye njaa zikaingia mikononi mwao. Ibn al-Lutbiyya alirudi na mafungu mawili, na kila mtu akayaona. Wa leo huweza kulificha fungu la pili ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha.

La pili ni siri. Mwenyezi Mungu, katika Aya ya 271 ya Surat Al-Baqara, ametujulisha ya kwamba kuidhihirisha sadaka ni jambo jema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Na Mtume (S.A.W.) amemtaja miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli, mtu aliyetoa akaficha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Sasa tazameni desturi iliyoenea katika makundi ya simu. Kila jioni hutolewa orodha: fulani kiasi hiki, fulani kiasi hiki, fulani bado. Aliyetoa nyingi yuko juu, aliyetoa kidogo yuko chini, na asiyekuwa na kitu jina lake limeachwa wazi mbele ya watu mia mbili. Hesabu ya hadharani ni wajibu kwa anayekusanya, kama tulivyoona. Lakini hesabu ni ya jumla iliyoingia na jumla iliyotoka. Haikulazimu kumfedhehi aliyeshindwa. Pengine yule ambaye jina lake liko wazi ndiye aliyestahiki kupokea.

Na lililo zito kuliko hilo ni picha. Bibi mzee hupewa mfuko wa unga na chupa ya mafuta, akasimamishwa chini ya bango, akapigwa picha, na picha ikapelekwa nchi tano. Mwenyezi Mungu, katika Aya ya 264 ya Sura hiyo hiyo, ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Masimbulizi ya zamani yalikuwa neno, likisemwa likapita. Masimbulizi ya picha hayapiti. Wajukuu wa bibi huyo watayaona. Wasemao kuwa picha ni ushahidi kwa wafadhili, tunawaambia: picha ya magunia ghalani ni ushahidi, risiti ya duka ni ushahidi, na daftari lenye sahihi ni ushahidi. Uso wa fakiri si risiti.

La tatu ni jirani. Simu inamfanya wa mbali awe karibu, lakini haina uwezo wa kukuonyesha wa karibu. Picha ya maafa ya nchi ya ng'ambo hukufikia kitandani, nawe ukatuma, na ni vyema kuwasaidia. Lakini yatima wa nyuma ya nyumba yako hana mpiga picha. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunaifuata, ni kutoihamisha zaka kutoka mji iliko mali, madhali wanaostahiki wapo. Madhehebu mengine yameruhusu kwa ajili ya jamaa au kwa mwenye shida kubwa zaidi. Ama sadaka ya hiari, mlango wake ni mpana, itume utakako. Basi anayetaka kuwaokoa walioko mbali na atoe kutoka katika sadaka yake, wala asiivunje haki ya jirani kwa kuichukua zaka ya mji na kuifanya ndege isiyotua kwao.

Na enyi ndugu zetu mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko, mnaotuma kila mwezi nyumbani: Mtume (S.A.W.) ameeleza ya kwamba kumpa jamaa fakiri ni sadaka na pia ni kuunga udugu. Mna thawabu mara mbili kwa ndugu, ami, shangazi na mjomba. Lakini unachomtumia mama yako, baba yako na watoto wako wasiojiweza si zaka. Hiyo ni nafaka, ni deni lako kwao, na hailipwi kwa mali ya mafakiri. Wako wanaojumlisha yote waliyotuma mwaka mzima, wakasema zaka yetu imekwisha toka. Haijatoka.

La nne ni kiasi na wakati. Mwenye shilingi 4,000,000 zilizotimia nisabu na kupitiwa na mwaka, zaka yake ni shilingi 100,000. Akituma 100,000, na fakiri akakatwa ada ya kutoa kwa wakala, fakiri amepata pungufu. Ihtiyati ni mtoaji aongeze ada hiyo juu ya zaka, kwani gharama ya kuipeleka haki ni juu ya mwenye kudaiwa. Ama Zakatul Fitri, asili yake ni pishi ya chakula kinacholiwa na watu wa mji, na Mashafii wameshikilia chakula chenyewe. Basi atumaye fedha kwa simu na amtumie wakala mwaminifu atakayenunua mchele au unga na kuugawa kabla ya Sala ya Idd. Asingoje usiku wa kuandama mwezi, mitambo ikielemewa na maduka yakifungwa, kwani kinachotolewa baada ya sala, kama ilivyopokewa kwa Ibn Abbas (R.A.), ni sadaka kama sadaka nyingine.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumeona ya kwamba zaka ilipita katika mikono ya mkusanyaji kisimani, katika barua za suftaja, katika waya, gazeti na benki, na sasa inapita katika simu. Kila njia ilikuja na wepesi wake na fitina yake. Njia hizo zilipokezana, na fakiri ni yule yule, na haki yake ni ile ile.

Basi kila msikiti na ufanye jambo moja kabla ya Ramadhani ijayo. Wachaguliwe watu watatu waaminifu wa mtaa, miongoni mwao awemo mtu anayeingilika na wanawake kwa staha, waandike katika daftari majina ya wajane, mayatima, wagonjwa na wenye madeni wanaoizunguka misikiti yetu. Daftari hilo lisisomwe hadharani wala lisipelekwe kwenye simu. Namba ya kuchangia iandikishwe kwa jina la msikiti, isiwe ya mtu mmoja, na watu wawili waidhinishe kila kinachotoka. Kila mwezi itangazwe jumla iliyoingia, jumla iliyotoka na idadi ya waliopewa, bila ya jina la mtoaji wala la mpokeaji. Na anayetuma kutoka mbali aulize, na anayeulizwa asikasirike, kwani kuuliza si kutuhumu, Mtume (S.A.W.) aliwahesabia wakusanyaji wake.

Na kila mmoja wetu, hata akiwa mwenye simu bora kuliko zote, asiache walau mara moja kwa mwaka kuibeba sadaka yake kwa mkono wake, abishe hodi, aketi na aliyemletea, amsikilize. Wako wagonjwa ambao shida yao ya kwanza si fedha, na hilo simu haiwezi kulijua.

Ewe Mola wetu, zitakase mali zetu na nyoyo zetu. Zipokee sadaka za waliotoa kwa siri na za waliotoa kwa dhahiri. Wape uaminifu wanaokusanya na kugawa, na uwaepushe na tamaa. Wasitiri mafakiri wetu, uwatajirishe kwa fadhila Zako wasihitaji mikono ya watu. Wahurumie wenye njaa, wagonjwa, mayatima na waliokimbia makwao popote walipo. Wasamehe wazee wetu waliotuachia misikiti, visima na wakfu, na utujaalie nasi tuache kitakachowanufaisha wajao baada yetu. Na utupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utulinde na adhabu ya Moto. Amin.

Simamisheni sala.